Rupia Kenda

Picha imefika kwa simu nikichambua mchele.
Makumbusho ya huko, mji wa baridi na reli,
wamemfungua ndege mmoja, nondo walikuwa wamemwingia,
na ndani ya pamba, pale palipokuwa moyo,
wakakuta karatasi imekunjwa mara sita.
Herufi za Kiarabu, na msomi wao wa Kiarabu kashindwa.
"Bi Barka," wameandika, "je, ni dua? Ni hirizi?"

Naikuza kwa vidole viwili.
Ndege ni sululu. Kalazwa chali
kama maiti anayengoja kuoshwa,
mdomo mrefu umemlalia kifuani,
mguuni uzi, na kibandiko cha wino uliopauka:
Lamu, fungu la Manda, Machi 1909,
na jina la mzungu, lenye vyeo mbele na nyuma.

Karatasi haina cheo.
Mwandiko ni wa mtu aliyesoma chuoni akatoka mapema;
Kiswahili ni chetu, cha hapa hapa Langoni.
Nausoma kwa sauti, paka akisikiliza:

*Hesabu ya Shekuwe wa Famau.
Siku arubaini na moya.
Ngozi mia na kumi.
Rupia kenda hazijalipwa.
Mato yawasha.
Huyu wa leo ana shahamu nyingi,
alikuwa tayari na ndia.*

Basi.
Wametunza dai la mtu miaka mia na zaidi
ndani ya droo isiyoingia jua,
wakalipulizia dawa, wakalipa namba.

Kitabu cha safari cha yule bwana nimekitafuta, kipo.
Mbu wana ukurasa. Punda wa Amu wana ukurasa.
Homa yake mwenyewe ina kurasa saba.
Shekuwe ni "boi wangu" mara mbili,
na mara ya tatu ni "mvivu",
siku ile, nadhani, aliyouliza ujira.

Jumatano nikavuka hadi Shela kwa Bi Somoe,
ambaye hasahau hata asichokiona.
"Famau wako wengi," akasema. "Lakini bibi yangu
alimtaja mmoja aliyekula wali kwa kijiko.
Watu wakamcheka: kaiga wazungu!
Hata kwenye harusi, sinia moja watu wanne,
yeye na kijiko chake."
Akanyamaza, akifunga ukili.
"Hakuiga mtu. Aliviogopa vidole vyake."

Ile sabuni ya sumu waliyopaka ngozi kwa ndani.
Bwana alivaa glavu; kitabuni kazisifu, ngozi ya mbuzi.

Mwisho wa barua wameuliza kwa adabu
kama Lamu ingependa ndege arudishwe.
Nimelifikiri hilo siku mbili.
Sululu si mwenyeji wa Amu.
Huja akikimbia baridi ya kwao, hula kaa wetu,
ikifika Machi kanenepa, huyo, anaondoka.
Shekuwe aliliona hilo kwa kisu, akaliandika,
na bwana hana hata mstari juu ya shahamu.
Kwa hiyo ndege alifika kwao,
tena kwa meli, tena bila kupiga bawa.
Aliyekatizwa safari ni mwingine.

Nimewajibu hivi:
Si dua, si hirizi. Ni bili.
Rupia kenda kwa pesa za leo sijui ni ngapi,
nyinyi mna wahasibu; dawa ya deni mnaijua.
Kibandiko kina upande wa nyuma, mtupu.
Andikeni: kachunwa, kashonwa na kuchunguzwa
na Shekuwe wa Famau, aliyekula kwa kijiko.

Nikatuma. Nikarudi kwenye ungo,
punje, jiwe, punje, punje,
mpaka mkono ukasimama wenyewe.

Ngozi ni mia na kumi.
Wamefungua moja.